Kigugumizi: kuishi nacho, na namna ya kuwapata wenzako

Duniani kote, takriban mtu mzima mmoja katika kila 100 ana kigugumizi. Kwa hesabu hiyo, kata yenye watu wazima 5,000 inaweza kuwa na watu 50 hivi wanaokwama wanapozungumza. Hata hivyo, mtu mwenye kigugumizi kijijini mara nyingi atakuambia kwamba hamjui mwingine aliye kama yeye. Amekua peke yake, amechekwa peke yake, na mbinu za kukwepa maneno magumu amezibuni peke yake.

Hawajuani kwa sababu wengi wao hujificha. Hunyamaza mkutanoni, humtuma mtoto dukani, hukataa simu wakaandika ujumbe. Ukimwona mtu mkimya, huwezi kujua kama ni tabia yake au ni kigugumizi.

Makala haya yanaeleza kigugumizi ni nini, kinatokana na nini, kipi husaidia na kipi hudhuru. Zaidi ya hayo, yanaeleza kwa nini kukutana na wenzako wenye hali hiyo ni msaada mkubwa, hata pale ambapo hakuna mtaalamu karibu, na namna ya kuanza.

Kigugumizi ni nini?

Mwenye kigugumizi anajua vizuri anachotaka kusema. Neno analo kichwani, shida ni kulitoa. Hilo hutokea kwa namna tatu:

- Kurudia sauti au silabi: "ki-ki-ki-kitabu".
- Kuvuta sauti: "sssssukari".
- Kuziba: mdomo uko tayari lakini sauti haitoki kabisa, kwa sekunde moja, tano au zaidi.

Wengine hufumba macho, hutikisa kichwa au hupiga mguu chini wakijaribu kulisukuma neno litoke.

Kigugumizi si kithembe. Mwenye kithembe hutamka sauti fulani kwa namna tofauti, kwa mfano "thatha" badala ya "sasa", lakini maneno yake hayakwami. Kigugumizi pia si upungufu wa akili. Watu wenye kigugumizi wana akili kama watu wengine wote.

Hali hii hupanda na kushuka. Leo mtu anaongea vizuri, kesho anakwama kila sentensi. Wengi hawakwami wanapoimba, wanaposoma kwa sauti pamoja na wenzao, wanapoongea peke yao au wanaposemesha mifugo. Ndiyo maana kijana anaweza kuimba kwaya Jumapili nzima, au kusoma pamoja na wenzake madrasa bila tatizo, kisha akashindwa kutaja jina lake kwa mgeni. Wanaomwona hudhani anajifanya. Hajifanyi. Hivyo ndivyo kigugumizi kilivyo.

Jina lako mwenyewe mara nyingi ndilo neno gumu kuliko yote. Maneno mengine unaweza kuyabadilisha, lakini jina halina mbadala. Kwa wakala wa pesa za simu, zahanati au ofisi ya kijiji, swali la kwanza ni "Unaitwa nani?"

Kinatokana na nini?

Kigugumizi kwa kawaida huanza utotoni, hasa kati ya miaka 2 na 5, wakati mtoto anapojifunza kuunganisha maneno kwa kasi. Watoto wapatao 5 katika kila 100 hupitia kipindi cha kukwama. Wengi wao, kama watatu katika kila wanne, hupona wakiwa bado wadogo. Wanaobaki nacho hadi utu uzima wengi ni wanaume, takriban wanne kwa kila mwanamke mmoja.

Wanasayansi wanakubaliana kwamba chanzo kiko katika namna ubongo unavyokua na kuendesha usemi, na kwamba mara nyingi hali hii hurithiwa. Ukichunguza ukoo, si ajabu kumkuta mjomba, shangazi au babu aliyekuwa nacho. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wamegundua jeni tatu zinazohusiana na kigugumizi, katika utafiti ulioanzia kwa familia za Pakistan. Mwaka 2015 ikatajwa jeni nyingine, iliyopatikana kwa kuchunguza ukoo mmoja mkubwa wa Kameruni. Hata hivyo jeni hizo zinaeleza sehemu tu ya watu wenye kigugumizi.

Kwa hiyo kigugumizi hakitokani na mtoto kutekenywa, kushtuliwa au kumwiga mtu mwenye kigugumizi. Hakiambukizi. Hakitokani na kosa la mama wakati wa ujauzito, wala si laana, wala si kurogwa. Woga, uchovu na haraka vinaweza kukizidisha siku fulani, lakini si asili yake.

Jambo moja la kuzingatia: mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa na kigugumizi, akianza ghafla kukwama au kuongea kwa taabu, apelekwe hospitali haraka. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kiharusi au madhara ya jeraha la kichwa.

Mzigo usioonekana

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Joseph Sheehan, aliyekuwa na kigugumizi yeye mwenyewe, alikifananisha na mwamba wa barafu baharini: kinachoonekana juu ni kidogo, sehemu kubwa iko chini ya maji. Sisi tunaweza kusema ni kama kiboko ziwani. Watu wanaona macho na masikio, yaani maneno yanayokwama. Mwili mzima uko chini: aibu, hofu, hasira na kazi ya kujificha kila siku.

Kazi hiyo ni kubwa. Abiria anajua kituo chake kimefika, lakini neno "shusha" halitoki. Anapelekwa hadi kituo cha mbele, anarudi kwa miguu. Mteja alitaka mkate, lakini kwa kuwa leo "m" imekataa, anataja chapati ambazo hakuzitaka. Mwanafunzi anajua jibu, anasema hajui. Mkulima mwenye hoja nzuri kuhusu mpaka wa shamba lake anakaa kimya kwenye baraza, na uamuzi unapita bila yeye kusikika.

Mila zetu za mazungumzo nazo zinaongeza uzito. Mtoto anatarajiwa kumwamkia kila mkubwa anayekutana naye. Kama "shikamoo" inakwama, mtoto anapita kimya au anabadilisha njia, na watu wanasema hana adabu. Anachapwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Hata neno lenyewe tunalitumia vibaya. Habari huandikwa kwamba kiongozi fulani "amepata kigugumizi", maana yake ameulizwa swali na hana jibu la kweli. Tumezoea kusikia kigugumizi kama dalili ya mtu anayeficha jambo. Kisha mtu mwenye kigugumizi halisi anasimama mbele ya askari, hakimu au mwajiri, anakwama kutaja jina lake, na anaonekana mwongo.

Je, kinatibika?

Kwa watoto wadogo, msaada wa mapema hufaa sana. Kwa watu wazima, hakuna tiba inayokiondoa kabisa kwa uhakika, lakini wengi hujifunza kuongea kwa wepesi zaidi na kwa hofu ndogo zaidi. Hakuna dawa iliyothibitishwa kutibu kigugumizi. Anayekuuzia vidonge, unga au mafuta ya kukimaliza kwa siku saba anakula pesa zako.

Usikubali pia mtoto akatwe kikano kilicho chini ya ulimi ili "ulimi ufunguke". Kigugumizi hakiko kwenye ulimi. Kukata kunaweza kuleta damu nyingi na maambukizi, na kukwama kukabaki palepale. Kumpiga, kumshtua au kumwekea vitu mdomoni ni madhara matupu.

Wataalamu wa tiba ya usemi wapo Afrika Mashariki, ingawa ni wachache na wengi wako mijini. Anzia hospitali ya wilaya, omba rufaa ya kwenda kwa mtaalamu wa usemi, au uulize idara ya masikio, pua na koo katika hospitali kubwa. Nchini Kenya, vituo vya serikali vya kupima mahitaji ya watoto wenye ulemavu, vinavyojulikana kama EARC, vinaweza kumpima mtoto na kuelekeza.

Mbinu ambazo wataalamu hufundisha si za siri. Moja ni kuanza sauti kwa ulaini, bila kuisukuma kooni. Nyingine ilienezwa na Charles Van Riper wa Marekani, ambaye naye alikuwa na kigugumizi: neno likikwama, usilipigane nalo. Legeza midomo, ulimi na koo, kisha liache litoke taratibu. Lengo la mbinu hii ni kukwama bila mapambano. Mbinu hizi zinahitaji mazoezi, na mazoezi ni rahisi zaidi ukiwa na mtu anayekuelewa.

Nguvu ya kukutana na wenzako

Katika miaka ya 1960, watu wenye kigugumizi nchini Japani walianza kuunda chama chao. Mwaka 1977 wenzao wa Marekani wakaanzisha chama kilichoanzia California, na mwaka 1978 Uingereza ikafuata. Mwaka 1986 kongamano la kwanza la dunia la watu wenye kigugumizi lilifanyika Kyoto, Japani. Shirikisho la kimataifa likaundwa mwaka 1995, na tangu mwaka 1998 tarehe 22 Oktoba kila mwaka ni siku ya kimataifa ya kuelimisha watu kuhusu kigugumizi. Katika eneo letu, watu wenye kigugumizi wa Uganda na Rwanda nao wamekwisha kujiunga pamoja.

Wanapata nini huko? Kwanza, wanasikia sauti iliyo kama yao. Mtu aliyeishi miaka 30 akidhani yuko peke yake anamsikia mwingine akikwama kwenye neno lilelile, na hakuna anayecheka. Pili, wanapata mahali pa kuongea bila haraka, kwa kuwa kila aliyepo anajua kusubiri. Tatu, wanabadilishana mbinu za maisha: namna ya kupiga simu, kujibu usaili wa kazi, kutoa posa, kusimama mahakamani. Nne, na hili ndilo kubwa, wanaacha kujificha. Mtu anayeruhusu kigugumizi chake kisikike hubaki na mzigo mdogo wa kubeba, hata kama maneno bado yanakwama.

Kikundi hakichukui nafasi ya mtaalamu. Lakini mtaalamu unaweza kumwona mara mbili kwa mwaka ukibahatika. Wenzako unaweza kukutana nao kila siku ya soko.

Namna ya kuanza kikundi

Huhitaji ofisi, katiba wala mfadhili. Watu wawili wanatosha.

1. Mtafute mmoja. Waulize mwalimu mkuu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, katekista au ustadhi kama anamjua mtu mwenye kigugumizi anayetaka kukutana na mwenzake. Asitoe namba ya mtu bila ruhusa. Akipelekewe ujumbe, achague mwenyewe.

2. Kutaneni mahali tulivu ambapo hakuna wapita njia wa kusikiliza. Saa moja kwa mwezi inatosha kuanzia.

3. Wekeni kanuni chache. Hakuna kummalizia mwenzako neno. Hakuna kumkatiza. Asiyetaka kuongea leo asilazimishwe. Yanayosemwa hapa yanabaki hapa. Hakuna kuuza dawa.

4. Fanyeni mazoezi pamoja. Kila mmoja ataje jina lake mara kadhaa, akikwama asikimbie. Someni ukurasa mmoja kwa pamoja, kisha kwa zamu. Igizeni dukani, kwa wakala na kwenye baraza. Pigianeni simu mkiwa mmetengana hatua mia moja.

5. Tumieni simu kwa wale walio mbali. Kikundi cha WhatsApp cha ujumbe wa sauti kinafaa kwa sababu hakuna anayekukimbiza. Msitume sauti ya mwenzenu nje ya kikundi. Kwa wasio na simu janja au bando, simu ya kawaida ya dakika tano kila wiki ni kikundi tosha.

6. Watoto waje na mzazi au mlezi. Msiwaache na mtu mzima mmoja peke yao.

7. Kumbukeni wanawake. Kwa kuwa wao ni wachache, huwa wapweke zaidi. Pangeni saa ambayo mama mwenye kazi za nyumbani anaweza kufika, na wakitaka kukaa peke yao, wapewe nafasi.

Zoezi moja la kujaribu mapema ni kutangaza hali yako kabla hujaanza kuongea. Sema tu: "Nina kigugumizi, kwa hiyo nitachukua muda kidogo." Usiombe radhi, maana hujakosa. Watafiti wameona kwamba wasikilizaji humpokea vizuri zaidi mtu anayetaja kigugumizi chake waziwazi kuliko anayekiombea msamaha. Nawe ukishasema, huna tena cha kuficha.

Kwa mzazi

Usimwambie mtoto "tulia", "vuta pumzi" au "anza upya". Unamaanisha wema, lakini yeye anasikia kwamba amekosea. Mtazame usoni, msikilize anachosema badala ya anavyokisema, na umpe muda amalize. Punguza kasi yako mwenyewe unapoongea naye. Wazuie ndugu zake kumwiga na kumcheka. Tafuta dakika chache kila siku za kuongea naye peke yake, hata mkiwa mnachambua mboga.

Mtafutie msaada kama hali imeendelea zaidi ya miezi 6 hadi 12, kama katika familia yupo mtu mzima mwenye kigugumizi, au kama mtoto ameanza kukasirika, kulia au kukataa kuongea. Usisubiri ukitumaini kwamba shule itamrekebisha.

Mtoto wako akimwona mtu mzima mwenye kigugumizi ambaye ana shamba lake, familia yake na heshima yake, hilo litamfundisha zaidi ya maneno yako. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na kikundi.

Kwa mwalimu

Mwite mwanafunzi faraghani, umuulize angependa ufanye nini. Mwache asome kwa sauti pamoja na mwenzake, kwa kuwa wakisoma pamoja huenda asikwame kabisa. Usimruke kila mara, kwa maana atajua umemwondoa darasani akiwa amekaa. Mpe muda zaidi katika mtihani wa kuongea. Anayemcheka mwenzake, mwonye siku hiyohiyo.

James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani aliyesifika kwa sauti yake nzito, alikaa miaka ya utotoni karibu bila kuongea kwa sababu ya kigugumizi. Mwalimu wake wa sekondari aligundua kwamba anaandika mashairi, akamhimiza ayaseme mbele ya darasa. Njia yake ilianzia hapo.

Hawakuwa peke yao

Waislamu na Wakristo wanakijua kisa cha Nabii Musa. Alipotumwa kwa Firauni alieleza kwamba ulimi wake ni mzito, na wengi wanaamini kwamba kilikuwa kigugumizi. Alipewa ndugu yake Haruni awe msaidizi wake, lakini hakuondolewa kwenye kazi.

Mfalme George wa Sita wa Uingereza naye alikuwa na kigugumizi. Kuanzia mwaka 1926 alifanya mazoezi na Lionel Logue, Mwaustralia ambaye hakuwa daktari. Septemba 3, 1939, Uingereza ilipoingia vitani, mfalme alilihutubia taifa kwa redio, na Logue alikuwa naye chumbani. Kigugumizi hakikuisha. Mfalme aliongea nacho, akiwa na mtu aliyemwelewa pembeni yake.

Wewe unayesikiliza

Kama huna kigugumizi, kazi yako ni nyepesi: subiri. Usimmalizie mtu neno, hata kama unalijua. Usitazame saa wala simu. Usimsifu kwa "leo umeongea vizuri", maana siku akikwama atajiona ameanguka.

Na kwenye simu, ukipokea na upande wa pili ukawa kimya, usikate haraka. Hesabu hadi 10. Inawezekana hakuna hitilafu ya mtandao wala mtu wa kukusumbua. Huenda ni mtu anayejaribu kutaja jina lake.